Mtoto Akikuhesabia Vipande: Namna Ninavyotuliza Wivu Kati ya Wanangu

Mimi ni mama lishe. Jiko langu liko Keko, kando ya karakana za mafundi seremala, na kwa siku napakua sahani 60 mpaka 80. Miaka 12 ya kushika upawa imenifundisha jambo kuhusu watu na chakula. Fundi hagombi kwa sababu sahani yake ina nyama tatu. Anagomba akiona ya mwenzake ina nne. Nikimweleza kwamba mwenzake amelipia nyongeza, anakula yake kwa amani. Nisipomweleza, atakula amenuna, na kesho atahamia kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara.

Hilo nililijua kazini miaka mingi kabla sijalijua nyumbani.

Nina watoto watatu. Mwanaidi ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Shabani ana 11, darasa la tano. Nuru ana 7, naye anaumwa selimundu, ugonjwa ambao wengi mtaani tunauita siko seli. Tunakaa Mtoni Mtongani. Baba yao ni dereva wa lori, safari zake ni Dar na Tunduma, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tunakuwa mimi na wao tu.

Mwaka juzi wakati wa masika Nuru alishikwa na maumivu ya mifupa usiku, tukalazwa siku nne. Niliporudi nyumbani kuchukua nguo, nilimkuta Shabani amelala kwenye kitanda cha Nuru, amejifunika shuka la Nuru, na chupa ya maji ya Nuru ameikumbatia kifuani. Akaniambia, "Mama, na mimi nataka kuumwa." Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia afunge mdomo, maneno hayo Mungu anayasikia. Akageukia ukutani.

Ilipita kama wiki tatu ndipo nikaelewa kwamba mwanangu hakuwa anataka ugonjwa. Alikuwa ameangalia sahani ya mwenzake akaona ina nyama nne, na mpakuaji hakumweleza kwa nini. Nitakayoyaandika hapa ndiyo niliyoyafanya tangu siku ile, nikiwaandikia wazazi wenzangu ambao nyumbani kwao kuna mtoto anayesusa, anayenuna, au anayemfinya mdogo wake mama akigeuka.

Anza kwa kuisikiliza hesabu yake yote

Mtoto mwenye wivu ni mtoto anayehesabu. Anahesabu nani kabebwa, nani kachapwa, nani kaitwa kwa sauti ya upole, nani kapewa kikombe kisicho na ufa. Ukimwambia "mimi nawapenda wote sawa", hujamjibu. Yeye amekuja na mifano kumi, wewe umempa neno moja tena lile lile la jana.

Chagua wakati mikono yako ina kazi nyepesi. Mimi nilichagua jioni, nachambua mchele wa kesho yake. Mtoto huongea vizuri zaidi usipomkazia macho, na mchele ukimpa naye achambue, maneno yanatoka yenyewe. Nilimwambia Shabani, "Nitajie yote unayoona Nuru anapata na wewe hupati. Sitakukatiza."

Alianza taratibu. Nuru ana chupa ya maji yenye picha. Nuru hachoti maji. Nuru anakwenda Muhimbili na mama peke yao, wakirudi amekunywa soda. Baba akipiga simu toka njiani, cha kwanza anauliza, "Nuru anaendeleaje?" Mtaani watu wananiita Mama Mwanaidi, hospitali wananiita Mama Nuru, hakuna hata mtu mmoja anayeniita Mama Shabani. Hilo sikuwahi kulifikiria maishani. Kisha akanyamaza, akachagua jiwe moja kwenye ungo, akasema, "Mimi nilipokuwa nakojoa kitandani ulinichapa. Nuru anakojoa kila siku na humwambii neno."

Lilinichoma, maana lilikuwa kweli. Shabani alikojoa kitandani mpaka akakaribia miaka sita, na mimi nilimchapa, na godoro nikamtaka alitoe nje mwenyewe watoto wenzake wakimwona. Kwa Nuru mambo ni tofauti. Mtoto wa selimundu figo zake hazibani mkojo vizuri, na juu ya hapo tunamnywesha maji mengi mchana kutwa ili maumivu yasimwamshe. Atakojoa tu. Mimi hayo nilielezwa na nesi kliniki. Shabani hakuelezwa na mtu.

Kwa hiyo mtoto akitoa hesabu yake, usijitetee, na neno "lakini" liweke mbali kabisa jioni hiyo. Sikiliza mpaka atakapokwama mwenyewe. Halafu chambua, kama mchele. Yapo aliyoyasema ambayo ni haki yake, hayo muombe radhi. Nilimwambia Shabani, "Nilikosea kukuchapa kwa kukojoa. Ulikuwa mdogo, hukufanya kusudi." Wazazi wengi tunaogopa kumuomba mtoto radhi, tunaona atatupanda kichwani. Shabani alisema "haya", akatoka kwenda kucheza mpira. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alikuja kulala karibu na mlango wa chumba changu.

Kisha mweleze ile nyongeza inatoka wapi

Tofauti isiyoelezwa mtoto huitafsiri kuwa upendo. Mwenzangu kapewa zaidi, basi mwenzangu anapendwa zaidi. Mzazi ndiye wa kuikata tafsiri hiyo, na huikati kwa maneno ya juu juu.

Nilimweleza Shabani kwa lugha yake. Damu yetu ina chembe za mviringo zinazopita kwenye mishipa bila shida. Za Nuru nyingine zinajikunja kama mundu, ndiyo maana ugonjwa unaitwa selimundu. Zikijikunja zinakwama, zinafungana kama magari hapa Mtongani jioni mvua ikinyesha, na pale zilipokwama ndipo panapouma. Baridi inazikunja, kiu inazikunja, homa inazikunja. Chupa ya maji si pambo, ni dawa. Kuchota maji kunamlowesha na kumchosha. Kidonge anachokunywa kila siku ni foliki asidi, kinasaidia mwili kutengeneza damu mpya, kwa sababu chembe zake zinakufa mapema.

Nikamweleza na lile ambalo hata watu wazima wengi hawalijui. Baba na mimi kila mmoja ana mbegu moja ya ugonjwa huu bila kuumwa, na wawili kama sisi wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Kila mimba, siyo ya mwisho tu. Shabani aliniangalia, akauliza, "Kwa hiyo ningeweza kuwa mimi?" Nikamwambia ndiyo. "Na chupa ya maji ingekuwa yangu?" Ndiyo, na sindano zake.

Halafu nilimwonyesha. Likizo ya Juni nilimchukua twende kliniki watatu. Alikaa kwenye foleni toka asubuhi. Aliona nesi anatafuta mshipa kwenye mkono wa Nuru, akaukosa, akatafuta mkono wa pili. Alimsikia Nuru analia. Ile soda aliyokuwa anaihesabu, aliiona inanunuliwa baada ya hapo. Nilimnunulia na yeye.

Hapa kuna tahadhari ninayoisisitiza sana. Ukishamwonyesha mtoto shida ya mwenzake, usiigeuze fimbo. Usije ukamwambia kesho yake, "Si umeona mwenzako anavyoteseka, na wewe bado unalalamika?" Ukifanya hivyo wivu utabaki pale pale, ila mtoto atauficha, na wivu uliofichwa ndio unaomfinya mdogo wake gizani. Shabani bado ana haki ya kulalamika. Mwenye afya naye ni mtoto.

Kueleza huku kunafaa kwa tofauti nyingine zote. Jirani yangu mmoja alimpeleka wa kwanza shule ya kulipia wakati biashara inakwenda vizuri. Zamu ya wa pili ilipofika mtaji ulikuwa umekatika, akaenda shule ya serikali, na alipouliza kwa nini, akaambiwa ile nyingine ni mbali. Gari la shule linapita mbele ya mlango wao kila asubuhi, umbali gani huo? Mtoto wa miaka tisa anaelewa kabisa maneno haya: "Hela ilipungua. Nikipata nitafanya, nisipopata tutasoma hapa hapa kwa bidii, na nitakaa na wewe kwenye madaftari." Akishakugundua umemdanganya kwenye moja, na yale ya kweli hatayaamini.

Siku ya mtu: kalenda ya ukoko

Kuna ugomvi mkubwa, na kuna ule mdogo wa kila siku unaochosha kuliko mkubwa. Kwangu ule mdogo ulikuwa ukoko.

Mimi napika wali wa nazi, napalia moto juu ya mfuniko, na chini unashika ukoko mwembamba wa rangi ya kahawia unaonukia nazi. Sufuria moja, ukoko mmoja, watoto watatu. Miaka mingi nilikuwa naugawa vipande vitatu. Ukoko haugawanyiki! Unavunjika unavyotaka, na hapo ndipo yalipoanza maneno: cha fulani kikubwa, cha fulani kina mafuta, cha fulani kimeungua. Nikipima kwa macho ya mama lishe aliyezoea kupima, bado mmoja ataondoka na kinyongo.

Nikaacha kugawa kipande, nikagawa siku. Ukutani tuna kalenda ya bure ya duka la vifaa vya ujenzi. Jumatatu na Alhamisi nikaandika M. Jumanne na Ijumaa, S. Jumatano na Jumamosi, N. Jumapili ni yangu, na baba yao akiwepo ni yake. Mwenye siku anapata ukoko wote, awape wenzake asiwape ni juu yake. Mwenye siku anaoga wa kwanza, anashika rimoti, anakaa dirishani kwenye daladala. Na mwenye siku ndiye anayeosha vyombo vya usiku.

Hilo la vyombo usiliache. Siku yenye utamu mtupu inaleta ugomvi wa kuibiana siku. Utamu na kazi vikifuatana, watoto hukubali kwamba siku ya mwenzao ni ya mwenzao. Wiki ya kwanza walinijaribu, hasa Shabani, aliyedai kwamba Jumanne ilikuwa na mgeni kwa hiyo ukoko haukutosha, alipwe Jumatano. Nilimwonyesha kalenda tu. Mimi siamui tena, kalenda inaamua, na mtoto hawezi kuisusia kalenda chakula.

Nuru na yeye anaosha vyombo siku zake. Nampashia maji yawe ya uvuguvugu, na masufuria makubwa namsaidia, lakini vikombe na sahani ni vyake. Mama mkwe aliniona mkatili. Mimi naona mtoto mgonjwa asiyepewa kazi yoyote anajifunza kwamba yeye ni yai, na ndugu zake wanajifunza kwamba wao ni kapu la kulibebea. Mpe kazi anayoiweza, wenzake waione.

Kwa vitu vinavyogawanyika, kama chapati au chungwa, mmoja anakata na mwenzake anachagua wa kwanza. Utaona kisu kinavyotembea kwa uangalifu. Soda wanapima kwenye glasi zinazofanana, anayemimina anachukua ya mwisho.

Saa ya mtoto mmoja

Kalenda inamaliza ugomvi wa vitu. Haimalizi ile njaa nyingine, ya mtoto kutaka mama awe wake bila mtu katikati. Nilipoiangalia hesabu ya Shabani tena niliona kwamba alichokuwa anakitamani Muhimbili hakikuwa soda. Ni ile safari. Mimi na Nuru, saa nzima kwenye daladala, bega kwa bega, bila mtu mwingine.

Kwa hiyo kila mtoto mtafutie saa yake, na hapa usipime kwa rula. Kila mmoja mpe kinachomfaa yeye. Shabani anapenda pantoni kuliko kitu chochote duniani. Mara moja kwa mwezi, Jumapili asubuhi, tunapanda daladala mpaka mjini, tunashuka Kivukoni, tunavuka kwenda Kigamboni. Tunanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tunaila tumesimama, tunarudi na pantoni nyingine. Hakuna zaidi. Lakini katikati ya maji yale mtoto huyu asiyesema neno nyumbani ananieleza habari za mwalimu wake wa hisabati, za rafiki aliyehamia Chanika, za ndoto aliyoota. Siku moja aliniuliza kama baba yake huogopa usiku barabarani. Swali hilo nyumbani asingeliuliza.

Mwanaidi hataki pantoni, anasema ni mambo ya watoto. Saa yake ni soko la Tandika, kwenye mitumba. Tunapekua rundo mpaka tupate blauzi moja, na anayepatana bei ni yeye. Mimi nasimama nyuma nimeshika kapu.

Masharti yangu ni machache. Simu inakaa kwenye mkoba. Habari za ndugu zake hatuzizungumzi, labda azianzishe mwenyewe. Na saa hiyo haifutwi kwa sababu ya kosa. Mtoto akikosea ana adhabu yake, lakini usimnyang'anye saa yake na mama. Ukiifuta mara moja tu, ataanza kuihesabu kama mshahara, na sisi tulikuwa tunajaribu kumtoa kwenye kuhesabu. Kama wewe unafanya kazi mpaka usiku na huna Jumapili, dakika 15 za kumsindikiza dukani kununua mkaa zinatosha, mradi ziwe zake na ajue kwamba zinakuja.

Maneno niliyoyafuta mdomoni

La kwanza ni "wewe ni mkubwa, mwachie mdogo wako." Nimelisema mara elfu. Linamfundisha mkubwa kwamba kuzaliwa kwanza ni kosa, na mdogo linamfundisha kulia. Nuru alishajua: akitaka kitu cha Shabani, anatoa sauti kabla hata hajaguswa, nami naitika toka jikoni, "Shabani, mwachie!" Sasa nauliza kitu hicho ni cha nani na leo ni siku ya nani.

La pili ni "ona mwenzako." Ona mwenzako anavyosoma, ona mwenzako anavyokula, ona dada yako alivyokuwa wa pili darasani. Tunadhani tunamtia moyo. Tunampa sababu ya kutamani mwenzake ashindwe. Kama daftari la Shabani ni chafu, sema daftari ni chafu, na mweleze ukurasa upi aurudie. Mwanaidi hahusiki na daftari hilo. Hata sifa nimezipunguza makali yake. Nilikuwa napenda kusema "Nuru ndiye mpole wangu", sasa fikiria wawili waliobaki wanabaki kuwa nani.

Na kuna mzigo wa mtoto wa kike, ambao mimi mwenyewe niliubeba kwa mama yangu na nikaupitisha bila kufikiri. Mwanaidi alikuwa anapika, anafua, anamwogesha Nuru nikichelewa, na Shabani anacheza. Mwanaidi hakuwahi kulalamika, na mtoto asiyelalamika ndiye rahisi kumsahau. Siku nilipompa naye nafasi ya kutoa hesabu, alisema kitu kimoja tu: "Mimi sina hesabu, mama, mimi nimechoka." Shabani sasa anafua nguo zake mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa jinsia, kwa umri, hata kwa hali ya afya yake, lakini nani atakuja na sheria kukagua karo la vyombo nyumbani kwako? Mkaguzi ni wewe.

Lile la jina nalo nililifanyia kazi. Nyumbani Mtongani sikuweza kulibadilisha, watu wameshazoea Mama Mwanaidi, na ndiyo desturi, kifungua mimba ndiye anayempa mama jina. Lakini Keko mafundi walikuwa wananiita "mama" tu. Nikawaambia wale wa karakana ya kwanza, mimi naitwa Mama Shabani. Likizo Shabani alikuja kunisaidia kubeba maji ya kunawa, na fundi mmoja akapaza sauti katikati ya mlio wa randa, "Mama Shabani, niongeze maharage!" Niliuona uso wa mwanangu. Kitu hicho hakikunigharimu hata shilingi.

Bibi, baba na wageni

Unaweza kusawazisha kila kitu, mtu mzima mmoja akaja kukivuruga kwa dakika tano.

Baba yao alirudi toka Tunduma na mdoli mkubwa kwa ajili ya Nuru, peke yake. Nia yake ilikuwa njema, alikuwa amemwacha mtoto wodini. Mwanaidi alitabasamu kwa adabu. Shabani alitoka nje. Nilitaka kusema, lakini mama mkwe alinitangulia. Alimkumbusha mwanawe habari ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi kisha akamwendea Mtume amshuhudilie. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, Mtume akakataa kuishuhudia, akamtaka amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu kati ya wanawe, na yule baba akairudisha zawadi. Baba Mwanaidi alikaa kimya. Mdoli hakuunyang'anya, ila kesho yake alimtoa Shabani kwenda kuosha lori pamoja, akamkalisha kwenye usukani, na Mwanaidi akamnunulia kikokotoo alichokuwa anakiomba tangu muhula uanze. Siku hizi akirudi analeta kitu kimoja cha wote, karanga au viazi vya Mbeya, na akipiga simu anaanza na yeyote aliyepokea.

Na ajabu ni kwamba bibi huyo huyo aliyejua hadithi ile ndiye aliyekuwa anamwekea Nuru firigisi kila tukila kuku. Sote tunaona upendeleo wa mwenzetu haraka kuliko wetu. Nilimwomba kwa heshima, tukiwa wawili tu: "Mama, firigisi naomba iende na kalenda." Alicheka, akakubali. Usimsahihishe mkwe mbele ya watoto, utampoteza yeye na utapoteza na jambo lenyewe.

Wageni wao hupenda kulinganisha. "Huyu mweupe kamfuata nani?" "Huyu ndiye mwenye akili, eeh?" Wanasema watoto wakiwa hapo hapo, kana kwamba hawana masikio. Mimi najibu kwa sauti ya watoto kusikia: "Wote wana akili, kila mmoja na yake, na huyu hapa ndiye aliyekukaribisha kiti." Kisha nabadilisha mazungumzo.

Kama una kichanga ndani, wivu huanzia hapo hapo kwenye zile siku 40, wageni wanapompita mkubwa mlangoni kwenda kumwangalia mdogo. Mkubwa anaweza kurudi kukojoa, kunyonya kidole, kutaka kubebwa mgongoni. Mbebe. Usimkejeli kwa kumwita yeye mtoto mchanga. Mwombe mgeni mmoja unayemwamini ashughulike naye kwanza kabla hajashika kichanga, na mpe kazi ya kuleta kanga au nepi, ila asipotaka usimlazimishe.

Wakishikana

Watenganishe bila kutafuta mwenye kosa. Nimeacha kabisa kuuliza "nani kaanza?", kwa sababu kama sikuona, nitakayemhukumu ni yule nisiyemwamini, na yeye anajua. Mmoja anakaa barazani, mwingine ndani, mpaka pumzi zishuke. Baada ya hapo kila mmoja anasema yake na mwenzake ananyamaza. Aliyeumiza anasaidia kutibu: analeta maji, anashika kitambaa. Msamaha wa kulazimishwa simtaki mtu autoe.

Ila ujue mpaka. Mtoto akimdhuru mwenzake kwa kupanga, akiacha kula siku kadhaa, akianza kusema heri afe, au ukiona wewe mwenyewe unamwangalia mtoto mmoja na moyo unakuwa mzito, huo si wivu wa ukoko tena. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yako au uliza kwenye kituo cha afya. Ipo pia namba 116, simu ya watoto, inapigwa bure, na mzazi naye anaweza kupiga.

Kwa sasa kwangu zamu imebadilika. Wiki iliyopita Nuru alisimama mlangoni wakati mimi na Shabani tunatoka kwenda Kivukoni, mikono kiunoni. "Mbona kila siku Shabani ndiye anapanda pantoni?" Upepo wa baharini asubuhi si mzuri kwake, na hilo analijua, lakini hakuwa anauliza habari za upepo. Jana jioni nikaweka ungo katikati, nikamsogezea upande wake wa mchele, nikamwambia anitajie yote. Alifika la nne kabla hajasinzia. Leo nikirudi kutoka Keko tunaendelea.